Kokwa Nne Kidakani

Mjukuu wangu alianza kula akiwa na miezi sita kamili. Siku hiyo mamake, binti yangu wa pekee, alikuwa na siku tisa tangu apande ndege kwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Alikuwa amepanga aondoke mtoto akishazoea chakula, lakini wakala alimpigia simu kwamba viza imetoka na tikiti imeshakatwa, na mwanamke aliyeachwa na mume kabla hata hajajifungua hana uso wa kumwambia wakala asubiri. Asubuhi ile alimnyonyesha mara ya mwisho akiwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yetu, hapa Mji wa Kale, huku teksi ikipiga honi kule barabarani kwa sababu gari haliingii kichochoroni kwetu. Kisha akanipa mtoto bila kunitazama.

Nikamwambia, "Nenda na amani ya Mungu."

Akasema, "Mama, chupa haitaki huyu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kuniaga, na yalikuwa kweli; siku zile tisa nilimnywesha maziwa kwa kikombe, tone kwa tone.

Mchana hatukuwa na taabu. Wakati huo nilikuwa nikisomesha wasichana Kurani na fiqhi katika chumba cha chini, na mtoto alipokezanwa mapajani mwao tangu Adhuhuri hadi Alasiri. Uji wa mchele niliusaga mwenyewe, nikauchuja kwa kitambaa, naye akaufungulia kinywa kama kifaranga. Nilimshukuru Mola. Nikajiambia kwamba mtoto anayekula hivi mchana, usiku atalala.

Hakulala. Alikuwa akisinzia baada ya Isha, akaamka saa sita, akaamka saa nane, akaamka tena saa tisa na nusu. Wala hakuanza kwa kulia. Kwanza alikuwa akigeuza kichwa huku na huku gizani, kama mgeni aliyeamka katika nyumba ya watu na hakumbuki mlango uko upande gani. Halafu ndipo akalia. Chupa nikimtia kinywani aliisukuma kwa ulimi. Kijiko alikipiga kikaruka. Alilia hadi sauti ikakauka, na mimi nikimbeba nikizunguka naye chumbani, nikimsomea dua nilizonazo, mpaka miguu ikafa ganzi.

Wanawake wenzangu walinipa shauri moja: ana njaa, mzidishie uji na uwe mzito. Nikauzidisha. Tumbo likamjaa upepo, na usiku ukawa mrefu kuliko ule wa kabla yake.

Dirisha letu la juu lilitazamana na dirisha la jirani. Kichochoro ni chembamba, mtu akinyoosha mkono aweza kupokea chumvi. Katika nyumba ile alikuwamo mke kijana, mwana wake wa kwanza ana miezi minane. Mumewe alikuwa baharia, akienda miezi sita akija mmoja. Aliishi na mavyaa wake, mama wa mume, mwanamke mkali wa zama zile, aliyeshika kwamba maziwa yakigawanywa hukauka, na kwamba jicho la watu huingia kwa mtoto kupitia kwa mtoto mwingine. Kijana yule nilimsomesha tangu akiwa msichana mdogo, na hata alipoolewa hakuacha kuniita maalim.

Usiku wa kumi na moja tangu mamake aondoke, nikasikia kucha zikigonga mlango wa uani. Alikuwa yeye, peku, leso kichwani.

"Maalim, nipe huyo mtoto."

"Na mavyaa wako?"

"Anakoroma. Yule haamshwi na kitu ila adhana, na adhana yenyewe iwe karibu. Hebu nipe. Kila akilia huyu, mimi maziwa yanimwagika. N'takuwa nabadili nguo usiku kucha?"

Nikasita. Somo hilo nilikuwa nimelisomesha mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kulitoa usingizini. Mtoto wa chini ya miaka miwili akinyonya kwa mwanamke mara tano mbalimbali, kila mara akashiba na kuacha mwenyewe, yule mwanamke amekuwa mamake, na wana wa yule mwanamke ni nduguze. Hawaoani milele.

"Wajua hukumu yake," nikamwambia.

"Nani aliyenisomesha? Tano. Basi mimi nitampa nne, halafu nifunge duka." Akacheka kwa sauti ya chini, mtoto yuko mapajani mwake tayari. "Nina kijana mimi. Nani ajua? Huyu wako mzuri, ana mato kama mwezi. Sitaki nimfungie mwanangu njia."

Hivyo ndivyo tulivyopatana, wanawake wawili wenye elimu yetu, saa nane za usiku. Mara nne, zisizidi. Tangu siku hiyo hakumwita mjukuu wangu kwa jina lake. Alimwita mkwe.

Ramadhani ilikuwa imepita karibuni na tende zilikuwa zimebaki. Mtoto aliposhiba na kulala, nilichukua kokwa moja ya tende nikaitia katika kikombe kilichokatika mkono, nikakiweka kwenye kidaka cha ukutani, chini ya msahafu. Kila akinyonya, kokwa moja. Niliona nimefanya jambo la busara.

Yeye ndiye aliyenifahamisha kwamba mtoto haamki kwa njaa. Alikuwa akimtazama mtoto anavyonyonya huku ameshika kidole chake, akasema, "Huyu ana uji tumboni hadi shingoni, maalim. Si njaa. Mwanangu naye alianza kuamka alipoanza kula. Hapo ndipo wanapojua kwamba mtu huondoka. Zamani alidhani mama na yeye ni kitu kimoja."

Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini, nimezaa, nimezika mume, na jambo hilo nilikuwa silijui.

Siku hizo nazikumbuka kwa vyakula, kwa kuwa kila baada ya siku mbili tatu nilimwonjesha mtoto kitu kipya. Usiku wa kokwa ya kwanza alikuwa amekula uji mtupu. Kokwa ya pili ilikuwa siku ya boga, ambalo jirani alilileta mwenyewe, limeshapondwa, ndani ya bakuli. Ya tatu ilikuwa siku ya kiini cha yai. Ya nne ilikuwa siku ya samaki, changu niliyemchambua miiba kwa vidole mpaka macho yakaniuma. Na ndani ya siku hizo hizo kulikuwa na usiku mmoja mtoto alipomtapikia jirani leso yake yote. Asingeweza kurudi nyumbani na leso ile, mavyaa angeuliza. Nikampa kipande kimoja cha leso yangu, chake nikakiloweka. Hatukurudishiana kamwe. Yeye alibaki na kipande kimoja cha doti yangu na mimi na kipande kimoja cha doti yake.

Kokwa zilipotimia nne, tukaacha. Usiku uliofuata alikuja vivyo hivyo, akakaa nami gizani, mtoto akalia tukambembeleza kwa zamu, yeye kifua amekifunga kwa kitambaa na machozi yanamtoka. Baada ya wiki tatu mtoto alilala kutoka Isha hadi Alfajiri. Niliamka kwa hofu nikaweka kiganja puani mwake.

Kabla ya mwaka kwisha, jirani na watu wake walihamia Mbaraki, karibu na gati. Tulitembeleana mara chache, kisha tukaacha, kama watu wa kisiwa kimoja wanavyoachana wakidhani wako karibu. Mwanawe alipokuwa na miaka kumi, nikapata habari kwamba mama amefariki. Nilikwenda nikakaa na wanawake, nikasoma, nikarudi. Wakati huo kokwa zangu nilikuwa nimeshazitupa zamani.

Mjukuu wangu sasa ana miaka ishirini na tatu. Anauza katika duka la dawa, Makadara. Mamake amebaki Arabuni kwa mkataba baada ya mkataba. Mwaka jana alikuja kijana dukani kumnunulia babake dawa ya shinikizo la damu, akarudi wiki iliyofuata kununua dawa ya kikohozi ambacho hakuwa nacho. Mjukuu wangu alinisimulia hayo akicheka, mgongo kanipa, anakaanga viazi. Mimi nikacheka pia. Mwanamke akisimulia habari za mwanamume kwa kukupa mgongo, hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Posa ililetwa na shangazi ya kijana, mwanamke mnene mwenye udi nguoni na sauti ya kujaza nyumba.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," akasema, kisha akazungumza saa nzima. Ndani ya maneno yake mkaingia Mbaraki, mkaingia babake baharia aliyestaafu, mkaingia mamake aliyekufa, ambaye zamani alikuwa akiishi hapa hapa mtaani.

Nikamkatiza. "Mamake ni yule aliyekuwa hapo mbele? Dirisha hili?"

"Huyo huyo! Kwani wamjua?"

Nikalia mbele ya mgeni. Nikamsimulia yote, maziwa, kokwa, mara nne, na vile alivyomwita huyu mkwe. Shangazi akapiga makofi. "Nne! Loo, maalim, mna hesabu nyinyi! Hayati alikuwa anachumbia angali ananyonyesha!" Mjukuu wangu alikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia anacheka na analia kwa pamoja. Usiku ule nilisali rakaa mbili za shukrani. Niliona Mungu ameichukua mizaha ya mwanamke aliyechoka akaifanya dua.

Yaliyofuata yalitokana na kupenda kwangu. Nilitaka kumpa bi harusi kitu cha mavyaa wake ambaye hatamwona. Nikakumbuka leso. Alasiri moja, zikiwa zimebaki wiki tano kufika arusi, nilifungua sanduku la chini, lile la nguo tusizovaa, nikakitoa kipande kile. Kilikuwa cha rangi ya maziwa, pindo jekundu. Nikakikunjua kitandani.

Katikati yake palikuwa na doa kubwa, jeusi jeusi la kahawia, limetambaa kama ramani.

Nilikuwa nimetazamia doa la boga, kama lingekuwapo doa. Miaka yote hiyo niliuweka usiku wa kutapika ndani ya usiku wa boga, kama mtu anayetundika nguo mbili kwenye msumari mmoja. Lakini boga huacha umanjano, na jua huumaliza. Doa hili kila mama anayelea mtoto Pwani analijua. Ndizi. Ndizi huingia nguoni haina rangi, ukifua ndipo inapogeuka nyeusi, na haitoki tena.

Nikakaa kitandani. Usiku ule ukanirudia mzima, wala sikuuita. Ilikuwa siku ya ndizi, kisukari moja, ya kwanza, siku mbili baada ya uji. Kulikuwa na mvua. Jirani alimnyonyesha mtoto upande mmoja hadi akaachia mwenyewe, akamweka begani amcheulishe, na ndizi yote ikateremka kifuani mwake. "Mkwe kanipaka mahari!" akasema, na tukaziba vinywa tusicheke kwa sauti. Mimi nikaikimbilia ile leso. Nikashuka nayo uani mvuani, nikaisugua kwa sabuni, nikailoweka, nikapanda kumtafutia yangu, nikamsindikiza mlangoni, nikarudi nikalala. Sikugusa kikombe. Nilikwenda kuiokoa leso, nikasahau kokwa.

Na boga lilikuja baadaye. Nilijua lilikuja baadaye, kwa kuwa siku alipolileta alikuwa amejifunika leso yangu. Alisimama mlangoni na bakuli, akasema, "Nimekuja na nguo yako, maalim, lakini sikupi."

Uji, ndizi, boga, yai, samaki. Nilizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na mkono ukajaa.

Sitaficha nililofanya baada ya hapo. Nilichukua leso nikashuka nayo uani, nikaikamulia ndimu na chumvi, nikaianika. Jua lilipozama nikaitazama, nikaikamulia tena. Siku ya pili nikaichemsha. Mjukuu wangu aliporudi kazini akaniuliza, "Nyanya, wafua nini mwaka mzima?" Nikamwambia ni nguo ya zamani. Siku tatu nilifua ushahidi wa jambo lililokuwa limeandikwa kwingine, mimi niliyewapiga fimbo wasichana kwa kuficha kosa la herufi moja.

Siku ya nne nilikwenda kwa shekhe wetu, mtu mzee kuliko mimi, anayesikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza hakuyafumbua.

"Neno lako wewe mwanamke mmoja," akasema, "halinitoshi mimi kuwatenganisha watu. Na kwenye shaka, ndoa haizuiliki. Hayo wayajua."

"Nayajua."

"Basi nakuuliza moja tu. Una shaka?"

Chumba kilikuwa na saa ya ukutani na nilikuwa nikiisikia. Nilitafuta shaka ndani yangu kama mtu anayetafuta ufunguo, nikapekua kila mahali. Nikaona leso yangu juu ya kichwa cha jirani yule, na bakuli la boga mkononi.

"Sina," nikasema.

Akafumbua macho. "Basi waambie. Wakikuamini hawawezi kuoana. Wasipokuamini, mimi sina la kuwazuia." Kisha akaniitia tuk-tuk mwenyewe.

Usiku huo nilimpigia binti yangu Arabuni. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikasikia mlango ukifungwa kwake, halafu sauti yake ikawa ya chini.

"Mama, hiyo ya tano nani aijua?"

"Mimi na Mungu."

"Basi wametosha. Usimwongeze wa tatu."

"Mwanangu."

"Nimekaa miaka ishirini na mbili nakosha sahani za watu ili huyo mtoto asikose. Nikamkosesha maziwa. Sasa wataka kumkosesha mume kwa ajili ya maziwa yale yale? Mungu ni mwenye kusamehe, ndivyo ulivyotusomesha. Atakusamehe wewe kunyamaza."

"Na wao? Watoto wao? Nitakaa nao sebuleni, niwatazame?"

Binti yangu akasema, "Ningekaa wiki moja zaidi. Wiki moja tu, angezoea kijiko." Alilia mpaka salio langu likakatika.

Niliwaita wote wawili Ijumaa baada ya Alasiri. Kijana alikuja na kikapu cha maembe, kanzu imepigwa pasi, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango kama ipasavyo mchumba. Mjukuu wangu aliketi kitandani pembeni yangu. Leso nilikuwa nimeikunja mapajani. Niliwaeleza kwa utaratibu, kama ninavyosomesha, kwa sababu nisingeshika utaratibu nisingefika mwisho. Nikawaambia pia alilosema shekhe, kwamba neno langu peke yangu haliwafungi, wakitaka wasiniamini.

Kule chini watoto walikuwa wakicheza mpira, ukigonga mlango wetu, ukigonga tena.

Kijana akanyoosha mkono. "Naomba niione."

Nikampa. Akaikunjua magotini, akaligusa lile doa kwa ncha za vidole, akaileta puani. Sijui alitarajia nini baada ya miaka yote ile. Alikuwa na miaka kumi mamake alipokufa.

"Alisemaje?" akaniuliza. "Usiku huo. Alipotapikiwa."

"Alicheka. Akasema, mkwe kanipaka mahari."

Akatikisa kichwa mara nyingi, akitabasamu, na machozi yakimdondokea juu ya leso. "Ni yeye. Ndivyo alivyokuwa."

Mjukuu wangu alikuwa akinitazama mimi tu.

"Nyanya, una hakika?"

Hapo ndipo jambo zima lilipokuwa, katika neno moja langu. Angelikubali lolote. Ningesema, mwanangu, mimi mzee, huenda nachanganya, tungekuwa na arusi.

"Nina hakika."

Akainamisha kichwa. Akamwambia kijana, si mimi, "Hajawahi kunidanganya. Hata nilipokuwa mdogo nikiuliza mamangu atarudi lini, aliniambia sijui." Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa tulivu sana. "Mbona hukuniacha nilie? Watoto hulia. Wote hulia, kisha hulala. Ungeniacha nilie, nyanya."

"Sikuweza," nikasema.

Kijana aliondoka kabla ya Magharibi. Aliomba aende na leso, nikampa. Maembe alituachia.

Imepita miezi saba. Nimemshukuru Mungu maisha yangu yote, na sijaacha. Namshukuru kwa yule mwanamke aliyekuja peku mvuani kumpa mtoto wa mwenziwe haki ya mwanawe. Kila nikisali namwombea. Lakini dua ile haimaliziki kooni kama zamani, hufika mahali pale pa maziwa ikasimama, nami husubiri mpaka ipite.

Mjukuu wangu haamki kwa kilio sasa. Nasikia mbao za sakafu ya juu, saa sita, saa nane, saa tisa na nusu. Saa zile zile. Usiku mmoja niliinuka nikampikia uji wa mchele, nikauchuja kwa kitambaa, sijui kwa nini, ana meno yake yote. Alikula vijiko vitatu, akaniwekea bakuli mkononi, akasema, "Ahsante, nyanya. Kalale." Dirisha la mbele siku hizi ni la watu wengine, limefungwa vioo.

Kijana huja kila Ijumaa. Sikumwita. Alikuja mwenyewe wiki ya nne baada ya siku ile, ameleta samaki, akasema mama akifa mtu hubaki na ndugu, na yeye hakujua kwamba ana dada. Alilisema kama aliyelikariri njiani. Hutengeneza kilichoharibika, bomba, taa ya ngazi, huninunulia dawa ya miguu. Kisheria yule ni kakake. Aweza kuingia bila hodi, aweza kusafiri naye, aweza kuketi naye chumba kimoja mpaka asubuhi na asiwepo wa kusema. Haki zote hizo anazo.

Hupiga hodi mara tatu na kusubiri chini. Mjukuu wangu, kila anapoisikia sauti ile, husimama, hutafuta mtandio wake, hujifunika nywele, hujitazama kwenye kioo upande upande, ndipo hushuka kumfungulia.

Si wajibu wake tena kujifunika mbele yake, na mimi ni maalim. Wasichana wote waliopita chuoni kwangu niliwasahihisha papo kwa papo. Kila Ijumaa neno hilo hunijia ulimini, na kila Ijumaa nalimeza, nikatazama ukutani mpaka aishe kulifunga fundo la mtandio.